Watoto Niliowafunza Kunyamaza

Mjukuu wangu anafundisha saikolojia chuo kikuu. Neno hilo lilinichukua muda kulitamka, na lilipokubali nikawa nalitamka kila mahali, hata sokoni kwa watu ambao hawakuniuliza. Muuza chumvi mmoja alidhani ni ugonjwa. Nikamwambia siyo ugonjwa, ni elimu ya kujua kichwa cha mtu kinafanya kazi gani humo ndani. Akasema, "Basi akija apite kwangu amwangalie mume wangu."

Mtoto huyo nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu wa kwanza, alifariki akiwa bado hajamwachisha ziwa, nami nikambeba mgongoni kijiji chetu chote cha Heru Juu, shamba la juu mpaka la bondeni, mvua na jua. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Herufi nazijua, lakini nazivuta moja moja kama mtu anayetoa mbuzi zizini. Kwa hiyo mtu niliyemfuta makamasi akisimama mbele ya vijana mia na wote wanaandika anachosema, mimi najivuna, na sitamwomba mtu msamaha.

Alikuja mwishoni mwa Oktoba, mvua za kwanza zimeshagusa ardhi na sisi wanawake tuko kwenye kuchagua mbegu za maharage. Alikuwa anatokea Kibondo, na gari lililomleta lilikuwa na matope hadi kwenye vioo. Alikuwa na mabegi mawili ya makaratasi na boksi la picha.

Tulipomaliza kusalimiana, na kwetu kusalimiana hakuishi upesi, nikamwuliza hiyo kazi ni kazi gani.

"Nataka kujua mtoto anakuaje akilini mahali kama hapa, Bibi. Jirani huyu Muha, yule asili yake Burundi, yule wa dukani Mwislamu babu yake alitoka pwani. Lugha tatu kwenye kisima kimoja. Na wote wanakula kwenye ardhi hii hii, ambayo inabidi iwalishe na watoto wao na wajukuu. Je, mtoto mdogo anayaona hayo? Anaanza lini kujua kwamba kitu ukikitumia vibaya leo, kesho hakipo?"

"Anajua siku anapochapwa."

"Bibi."

"Andika hivyo. Sema umeambiwa na mtaalamu."

Akacheka, lakini hakuandika. Aliniambia kule Kibondo mjini watoto wa wenye maduka walimjibu kabla hajamaliza kuuliza. Mmoja alimgeuzia swali akamwuliza ameolewa na nani. Hilo lilinichoma. Nikawaza, hawa wa Heru Juu nitawatengeneza mimi mwenyewe. Mjukuu wangu hataaibishwa na watoto wa kwao.

Kesho yake akapita nyumba kwa nyumba na karatasi za ridhaa, mzazi akubali kwanza ndipo mtoto aulizwe. Wengi waliweka dole gumba bila maneno. Aliyesita ni jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji. Yeye aliolewa hapa na kijana wetu, lakini alikulia Mtabila, kambi ya wakimbizi wa Burundi, na watu waliokulia kambini karatasi hawaichukulii kama sisi. Kwao karatasi ikija, kuna mtu anahamishwa.

Aliishika, akaigeuza, akamwuliza mjukuu wangu, "Ukishaandika humu kuhusu mwanangu, mwalimu ataona?"

"Hataona, dada. Ni siri. Kwa nini unauliza?"

"Mimi nataka aone."

Ndipo tukaelezwa. Binti yake wa miaka sita alikuwa darasa la awali, na mwalimu alikuwa amemwita mama akamwambia mtoto hasemi. Tangu Januari hajajibu swali hata moja. Januari inayokuja wenzake wataingia darasa la kwanza, yeye atarudia awali, na kama hakuna mabadiliko aanze kufikiriwa kupelekwa mahali pengine, shule ya watoto wenye matatizo. Majina ya darasa la kwanza yalikuwa yanafungwa wiki ile ile.

"Nyumbani anasema," yule mama akasema. "Mwalimu ananiambia kila mama anasema hivyo."

Mjukuu wangu akamwambia atamwangalia kama watoto wengine. Mama akaweka dole gumba. Aliliweka kwa nguvu, wino ukatapakaa hadi pembeni.

Sasa niseme nilichofanya mimi. Jioni ile, jua lingalipo, nikawakusanya watoto wote kumi na wawili uani kwangu. Nikawaosha miguu. Nikawapaka mafuta ya mawese mpaka wakang'aa. Nikawapanga mstari nikawafundisha kama askari. Mgeni mkubwa anakuja kesho. Tunafanyaje? Tunapiga magoti. Akikupa kitu? Mikono miwili. Unamwangalia machoni? Hapana, Bibi. Akikuuliza, unarukia kujibu kama kasuku? Hapana, Bibi. Tunafanyaje? Tunanyamaza.

Nililala nimeridhika sana.

Asubuhi akakaa na boksi lake kwenye mkeka chini ya upenu, mtoto mmoja mmoja anakwenda. Anamwonyesha picha ya kikombe, anamwuliza hii ni nini. Mtoto anapiga magoti, anaipokea picha kwa mikono miwili, anaangalia chini, kimya. Picha ya ng'ombe, kimya. Mafumbo ya vibao vya rangi, mtoto anavishika kama ekaristi na hajengi kitu. Watoto kumi na wawili. Nilikuwa nimekaa mlangoni nawahesabu, kila mmoja akinyamaza vizuri kuliko aliyemtangulia, na mimi kifua kinajaa.

Alipomaliza alikuja akakaa karibu yangu. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Bibi, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo."

"Unaona adabu hiyo? Siyo wale wa Kibondo. Nimewafunza mwenyewe jana."

Akaweka kalamu chini na kuanza kucheka, akacheka hadi akafuta machozi kwa kanga yangu. "Basi leo sikuwapima watoto," akasema. "Nimekupima wewe."

Niliona aibu, nami siyo mtu wa aibu. Nikawaita tena, nikawaambia mgeni huyu ni mtoto wangu, nilimfuta makamasi, mwulizeni chochote na mjibuni chochote. Siku ya pili wakamjibu. Walimjibu mpaka nikajuta. Mmoja alitaja kikombe, akataja kilivunjwa na nani, akataja na baba alimwambia mama maneno gani kilipovunjika.

Isipokuwa yule binti wa ng'ambo ya mfereji. Yeye alipiga magoti, akapokea picha, akaangalia chini. Kama siku ya kwanza. Mjukuu wangu akambadilishia lugha, Kiswahili, Kiha, hata Kirundi kidogo alichojifunza kwa ajili ya kazi hiyo. Kimya. Mama yake alikuwa amesimama kwenye migomba anaangalia. Niliona alivyoshika jani la mgomba, akawa analichana nyuzi nyuzi bila kujua.

Akaja. "Mwandikie mwalimu barua, dada. Wewe ni mkubwa wake kwa elimu. Sema mwanangu hana shida, atakusikiliza."

"Siwezi kuandika nisichokiona."

"Lakini ni mzima."

"Inawezekana. Nikiandika kwa sababu umeniomba, basi hata yale ya kweli ninayoandika hayatakuwa na maana. Nipe siku nyingine."

Yule mama aliondoka bila kuaga, na kwetu hilo ni neno kubwa. Mimi nilikasirika. Nilimwambia mjukuu wangu, chuo kimekukausha. Maneno mawili ya karatasi, na mtoto anaokolewa. Alikaa akiangalia makaratasi yake na nikaona hata yeye hakulipenda jibu lake.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha asubuhi na hakuna aliyekuja kuulizwa. Mimi nikaendelea na mbegu zangu. Maharage sisi hatupandi ya aina moja. Mtu wa kilimo alikuja akatuambia tupande ya njano peke yake kwa kuwa ndiyo soko linataka, wengine walimsikiliza. Mimi nachanganya kama mama yangu alivyochanganya: ya njano, mekundu makubwa, ya madoa kama yai la kanga, meupe, na yale madogo meusi ambayo hakuna anayeyanunua. Mwaka wenye jua kali yanabaki haya, mwaka wa maji yanabaki yale. Sijawahi kukosa mboga.

Kuchagua mbegu ni kazi ya ungo na macho, na macho yangu yameingia ukungu. Kwa hiyo binti wa ng'ambo huja kunisaidia. Alikuja siku ile kama kawaida, na gunia kichwani kwa ajili ya mvua, hata mama yake hakujua. Akakaa kando yangu. Mjukuu wangu alikuwa ndani ya nyumba, mlango wazi, anapanga makaratasi yake.

Nikaokota punje moja, nikaisogeza puani, nikashindwa. Nikamwuliza, "Hii nyeusi au ya zambarau?"

"Nyeusi," akasema. "Lakini ina tundu. Tupa."

Nikatupa. Nikaokota nyingine. "Na hii?"

"Hiyo siyo haragwe, Bibi. Ni jiwe."

Nikasikia ndani karatasi zimeacha kusogea. Mjukuu wangu alitokea mlangoni taratibu kama mtu anayemwendea njiwa. Akanifanyia ishara niendelee. Mimi sikuelewa niendelee na nini, nilikuwa nachagua mbegu tu. Mtoto huyu husema nami kila siku hapa. Sikuwahi kufikiri ni habari ya kumpelekea mtu.

Akaja akakaa nasi, akachovya mkono kwenye ungo, hakuuliza chochote. Tulichagua kwa muda mrefu. Ndipo nikaanza kuona alichokuwa anakiona yeye, na nakwambia nimekaa na mbegu hizi miaka yote sikuwa nimekiona. Mimi nilikuwa natenga zuri na bovu. Mtoto yule alikuwa anatenga zuri na bovu, kisha yale mazuri anayagawa mafungu matatu mbele ya magoti yake. Fungu moja karibu lote jeusi. La pili njano nyingi na madoa kidogo. La tatu mchanganyiko wa kila kitu.

Mjukuu wangu akachukua punje ya njano, akaiweka kwenye fungu lile jeusi, kama amekosea. Mtoto akaitoa, akairudisha la pili. Akaweka mbili. Zikatoka mbili. Akachota konzi nzima ya njano akaimwaga kule. Mtoto akamwangalia usoni, kwa mara ya kwanza, kwa macho ya kumhurumia mtu mzima asiyejua kitu, akaanza kuzitoa moja moja.

"Mjukuu," nikamwambia yule mdogo, maana sasa na mimi nilitaka kujua kweli, "haya mafungu ni ya nini?"

"Hili la bondeni. Hili la kule juu kwenye mchanga. Hili la hapa nyuma ya nyumba."

"Nani amekuambia?"

"Mwaka jana bondeni maji yalikaa. Ya njano yalioza yote. Haya meusi hayakuoza."

Mwaka jana alikuwa na miaka mitano. Alikuwa anashika kanga yangu asianguke kwenye matuta, nami nilidhani nimembeba mtoto wa kunipotezea muda. Kumbe alikuwa ameshika shamba zima kichwani, na mwaka mzima na maji yake, na sasa anaupanga mwaka ujao mbele ya magoti yake kwenye mkeka. Nilijisikia kama mtu aliyelima shamba moja maisha yake yote, kisha siku moja jembe likagonga chemchemi. Hata mjukuu wangu, kalamu ilikuwa mkononi mwake haiandiki.

Baadaye, mtoto alipokwenda kunawa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bibi, umemwuliza mambo manne leo na amejibu yote. Mimi nimemwuliza mambo ishirini hakujibu hata moja. Unajua tofauti?"

"Mimi ni bibi."

"Wewe ulikuwa hujui. Mimi kikombe nakijua. Amekiona mkononi mwangu, ameona macho yangu ni mazima. Kwa nini mtu mzima amwulize kitu anachokijua?"

Na hapo nikakumbuka, jamani. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Mkubwa akikuuliza kilicho wazi kati yenu, ama anakutania, ama anakutega, na mtoto mwenye akili hukaa kimya mpaka mkubwa achoke. Wale wengine niliwafungua kwa neno moja kwa sababu kwao adabu ilikuwa nguo ya siku ile. Kwa huyu ilikuwa ngozi. Kambini mama yake alifundishwa kwamba ukiulizwa na mwenye karatasi, jibu linaweza kukuhamisha. Naye akamnyonyesha mwanawe hivyo hivyo.

Mjukuu wangu alivaa mabuti akaenda shuleni kwa miguu kwenye tope, hakusubiri hata bodaboda. Hakuandika barua. Alimwomba mwalimu aje.

Mwalimu akaja siku iliyofuata, daftari la majina kwapani. Ni msichana, ametoka Tanga, mwaka wake wa pili hapa, na kwa sura ile nilijua usingizi wake ni mdogo. Nilikuwa nimejiandaa kumsema. Lakini alipiga goti, "Shikamoo Bibi," kisha akasema ukweli wake wote mara moja.

"Nina watoto wengi na wengine wanakaa chini. Nikimwonyesha picha, anaangalia miguu yake. Nikimshika kidevu, machozi. Mimi simchukii. Nitamwandikaje darasa la kwanza mtoto ambaye sijui anajua nini?"

"Hapo uko sawa," mjukuu wangu akamjibu. "Usimwulize unachokijua. Mwulize usichokijua."

"Kama nini?"

"Mimi sijui usichokijua, mwalimu. Unajua mwenyewe."

Mama wa mtoto alikuwa amekaa ukingoni mwa mkeka, mikono imeshikana magotini. Mtoto alikuwa na ungo wake, kichwa chini, kwa sababu aliyemjia ni mwalimu na mwalimu anakuja na maswali. Yule msichana wa Tanga aliangalia maharage, na niliona anatafuta kweli, siyo anaigiza. Kisha akasema, polepole, siyo kwa sauti ya darasani:

"Sisi kwetu hatulimi maharage, ni minazi na muhogo. Nimepewa kipande nyuma ya nyumba ya walimu, pale karibu na mfereji. Mwaka jana nilipanda, hayakutoka hata moja. Nilidhani nimeuziwa mbegu mbovu. Nipande yapi?"

Mtoto hakusema kitu. Mama yake alifumba macho. Mimi nilitaka kumjibia, ulimi uko mlangoni, mjukuu wangu akaniwekea mkono gotini.

Kisha yule mtoto akainua kichwa.

"Maji pale yanapita, au yanasimama?"

"Sijui," mwalimu akasema. "Sikuwahi kuangalia."

"Lazima uangalie."

Tukaondoka wote, kundi zima, mtoto mbele, kwenye njia ya shule, mimi na fimbo yangu nyuma nikilalamikia magoti. Nyuma ya nyumba ya walimu mtoto akaruka mfereji, akachuchumaa, akatia kidole kwenye udongo hadi kwenye kifundo. Akakitoa, akanusa. Akaenda hatua tano juu, akatia tena. Mwalimu alikuwa anamfuata nyuma na viatu vyake vyeupe, hata hakuvionea huruma.

"Oya," mtoto akasema, akitikisa kichwa kwa lile neno letu la kukataa. "Hapa chini usipande ya njano. Panda nyeusi, nitakuletea kwa Bibi. Pale juu changanya yote, usiweke aina moja, ikifa unakosa mboga. Na usifukie sana. Mwaka jana ulifukia sana?"

"Nilifukia sana," mwalimu akasema.

"Ndiyo maana."

Mwalimu akafungua daftari la majina, akaliegemeza kwenye ukuta wa nyumba, akatoa kalamu. Mama wa mtoto alisogea mpaka karibu yake, shingo imenyooka, kama mtu anayesubiri jina lake kwenye tangazo. Mwalimu akaandika kwanza nyuma ya ukurasa, nyeusi chini, mchanganyiko juu, usifukie sana. Kisha akageuza ukurasa, akatafuta jina la mtoto kwa kidole, akaandika darasa la kwanza.